Kamba, Kipande na Kioo: Mjadala wa Sura za Simu Ukitazamwa Kutoka Newala

Katika semina ya mwezi uliopita, wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu walitumia karibu nusu saa kubishana juu ya jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Mmoja wao alikuwa amesasisha simu yake ya iPhone na kukuta vitufe vimegeuka kuwa kama vipande vya kioo kilicholowa maji, unaona kilicho nyuma yake. Ni mtindo ambao kampuni ya Apple iliutangaza Juni 2025 kwa jina la Liquid Glass. Mwenye simu aliusifu. Jirani yake akasema maandishi hayasomeki juani. Wa tatu, ambaye simu yake ni ya bei nafuu na imekwisha kujaa, akasema mapambo hayo yakiifikia itazimika isiwake tena. Darasa likagawanyika kati ya walio upande wa urembo na walio upande wa wepesi, pamoja na wachache waliosema kwamba mambo haya huamuliwa California na kazi yetu sisi ni kupokea.

Niliwaacha wabishane kwa sababu nilikuwa nimetoka Newala siku chache kabla, na akilini nilikuwa na kioo kingine.

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho. Umri wake umezidi miaka 70. Ana simu ya kitochi, na ana daftari la shule ambamo kila msimu huandika tarehe aliyopeleka korosho kwenye chama cha msingi, idadi ya magunia na kilo zilizosomwa kwenye mizani. Msimu uliopita daftari lilijumlisha kilo 843. Fedha zilipoingia benki, alipata ujumbe mfupi wa mistari miwili, kwa Kiingereza cha vifupisho, wenye tarakimu nyingi na jina lake likiwa limekatwa katikati. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja. "Mjomba," akaniambia, "wewe ndiye uliyesoma. Hapa pamesemwa kilo ngapi?" Hapakusemwa. Nilirudisha makato niliyoyajua, nikagawanya kwa bei ya mnada, nikapata kilo 731 hivi. Kilo 112 hazikuwepo, na katika ujumbe ule hapakuwa na mahali pa kuziulizia.

Chama na benki sitavitaja, kwa kuwa makala haya hayamhusu karani mmoja. Yanahusu swali ambalo wanafunzi wangu walilikaribia bila kulifikia: umbo la kile tunachokisoma kwenye kioo linaamuliwa kwa kipimo gani? Wanaistilahi wetu wamepaita mahali hapo kiolesura, yaani pale mtu na mashine wanapokutana. Neno ni zuri, ila linaweza kutuaminisha kwamba jambo lenyewe ni geni. Uwanda wa Makonde, pamoja na Masasi iliyo chini yake kati ya milima ya mawe, una historia ndefu ya vitu vya namna hiyo: vitu ambavyo mtu wa kawaida hulazimika kuvisoma ili ajue anadai nini na anadaiwa nini. Nadhani historia hiyo inatupa kipimo ambacho urembo na wepesi havitupi.

Kwanza tuusikie mjadala kama wenyewe wanavyousimulia. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, ilitengenezwa kompyuta iliyoitwa Alto, yenye kipanya na madirisha. Kutokana na kazi ya kituo hicho ukazaliwa mfano wa meza ya ofisi: kwenye kioo pawepo na faili, folda, baadaye na pipa la taka. Apple waliusambaza mfano huo kwa Macintosh ya 1984, na Microsoft wakaufikisha karibu kila ofisi duniani kwa Windows. Ulimsaidia sana karani wa Kimarekani, ambaye kweli alikuwa na meza, kabati la mafaili na pipa chini ya miguu. Baadaye wabunifu wakachoka kuiga vitu. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe cha Start ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu 1995. Mwaka 2013 Apple wakafuta ngozi na mbao za kuchora kwenye simu zao na kuleta vitufe bapa. Mwaka 2014 Google wakaja na mtindo wao wa karatasi zilizopangwa juu ya karatasi. Sasa tumefika kwenye kioo kilicholowa. Miaka 50 ya hoja, na sehemu kubwa yake ni kama kitufe kionekane kimeinuka au kimelala.

Kuna kisa kimoja humo cha kukumbukwa. Watumiaji wa Windows walilalamika hadi kitufe cha Start kikarudishwa mwaka 2013, na menyu yake kamili mwaka 2015. Kwa hiyo si kweli kwamba mambo haya hupokelewa tu. Hupokelewa na wasio na sauti.

Sasa turudi Newala, mwaka 1906. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeipitia nchi ya kusini. Kituo cha misheni cha Masasi, kilichoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kilikuwa kimechomwa mwaka mmoja kabla. Katika nchi hiyo yenye majeraha akapita mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti, na ulinzi wa askari wa serikali yake. Alipita Masasi, akakaa Newala, na mwaka 1908 akachapisha kitabu ambacho Alice Werner alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Kitabu kimejaa dharau za zama zake, na nawashauri wanafunzi wakisome wakiwa macho. Hata hivyo kina mambo mawili yanayotuhusu.

La kwanza ni michoro. Weule aligawa karatasi na penseli kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuzishika, nao wakamchorea wanyama, miti, watu na ngoma. Nimekutana na wataalamu wa leo wanaosema kwamba "mtu wa kijijini" haelewi alama za picha kwenye simu. Huenda haelewi picha ya diski ya plastiki ambayo programu nyingi bado zinaitumia kumaanisha hifadhi. Hata wanafunzi wangu hawajawahi kuiona diski hiyo. Lakini uwezo wa kusoma na kutengeneza picha haujawahi kuwa tatizo katika nchi ya wachonga vinyago.

La pili ni kamba. Weule anaeleza kamba ya gome la mti yenye mafundo 11, ambayo Mmakonde anayesafiri humwachia mkewe. Kabla ya kuondoka humshikisha fundo moja baada ya jingine: hili ni la leo ninapoondoka, haya ni ya njiani, hapa nitakuwa nimefika, hapa nitapumzika, hapa naanza kurudi. Mke hufungua fundo moja kila siku, na fundo la kumi likifika anajua apike, kwa kuwa la 11 ndilo la kurejea.

Sitaki kuipamba kamba ile. Kazi yake mojawapo, kama tulivyoona, ilikuwa kumhakikishia mume chakula cha moto. Lakini itazame kama chombo. Maana ya kila alama ilikubaliwa na wote wawili kabla ya chombo kuanza kutumika. Aliyebaki nayo ndiye aliyeibadilisha kwa mkono wake, na wakati wowote aliweza kuona yalipofikia mambo: yaliyopita yamefunguliwa, yaliyobaki bado yamefungwa. Na mume akirudi siku ya 14, kamba ingemshuhudia vibaya yeye, wala si mkewe. Aliye dhaifu zaidi katika makubaliano ndiye aliyeshika ushahidi.

Wanaume wa uwanda huo huo walikutana pia na chombo cha aina nyingine. Waliposhuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge na ya wazungu mengine, walipewa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ikikubaliwa, hutiwa alama. Nafasi zote zikijaa, mtu hulipwa. Kwa jicho la mbunifu wa leo, kipande ni kazi safi mno. Visanduku 30, hakuna pambo, hata asiyejua kusoma anaona amebakiza vingapi. Kwa urahisi wa kusomeka kinalingana na kamba. Tofauti iko kwenye mkono. Kipande kilikaa mfukoni mwa mfanyakazi lakini alama iliwekwa na upande wa mwajiri, na siku ambayo haikutiwa alama haikuwa imefanyiwa kazi, hata kama mgongo ulikuwa bado unauma. Unapoona programu ya simu inasifiwa kwa sababu ni safi na rahisi, kumbuka kwamba kipande nacho kilikuwa safi na rahisi.

Baada ya uhuru, dola yetu ilijaribu njia ya kumpa mkulima mkono wa kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita za kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971, na Masasi ilikuwa mojawapo. Bibi yangu mzaa mama, ambaye wakati huo aliishi kijiji kimoja cha Masasi, alisoma jioni chini ya mwembe, mtoto mgongoni, pamoja na wenzake walioitwa ngumbaru kwa utani usio na heshima sana. Kilichofundishwa kiliitwa kisomo chenye manufaa, yaani kusoma kulikoambatana na kazi: zao, afya, hesabu ya mauzo. Bibi hakuwahi kusoma gazeti lote. Alichojivunia ni kwamba aliweza kusimama mbele ya mizani na kusoma namba kabla mnunuzi hajaitamka. Mjomba alirithi tabia hiyo, na daftari lake ni mtoto wa daftari la bibi.

Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Takwimu hizo zina wakosoaji wake, na wana hoja, kwa sababu anayejua kuandika jina lake siku ya mtihani anaweza kuwa amelisahau baada ya miaka mitatu. Lakini ipo tofauti moja kati ya kampeni ile na kampeni za leo za "elimu ya kidijitali" ambayo sijaona ikizungumzwa. Herufi A aliyojifunza bibi mwaka 1971 haikuhama mahali pake hadi anaingia kaburini. Hakuna kampuni iliyoamka asubuhi ikaipindua miguu juu ikasema imeboreshwa. Mtu mzima aliyejifunza kwa taabu alilindwa na ukaidi wa alfabeti. Anayejifunza leo kutumia programu, kitufe alichokikariri kitahamishwa baada ya miezi 18, naye ataambiwa kwamba tatizo ni uelewa wake mdogo. Kijana wa mjini hukiona kitufe kipya kwa dakika moja. Mzee hupoteza somo lote.

Kompyuta zenyewe zilikuja kwetu kwa mashaka. Wizara ya Fedha ilifunga ya kwanza mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa mashine likaishia vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Leo watu hulicheka katazo hilo. Mimi silitetei, ila nataka tukumbuke kilichokuwa nyuma yake: hesabu zilizotoka kwenye mashine ambazo maofisa hawakuweza kuzihakiki wenyewe. Sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilipatikana mwaka 2003, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi.

Wakati huo huo, Mlimani, kulikuwa na jaribio ambalo nalikumbuka kwa aibu kidogo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na Waswidi wa IT+46, ulitoa mwishoni mwa 2004 programu huria ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, menyu zake zote zikiwa kwa Kiswahili. Microsoft nao walitangaza mwaka huo mpango wa kuleta Kiswahili katika bidhaa zao. Nilikuwa kijana, na wenzangu nami tulipoona menyu ikisema hariri na hifadhi, tulicheka. Tulikuwa tumekariri maneno ya Kiingereza kwa taabu, na Kiswahili kilitunyang'anya faida ya taabu hiyo. Nadhani hapo ndipo jambo lilipokwama zaidi kuliko kwenye istilahi. Walioitwa kuamua kama kiolesura cha Kiswahili kinafaa walikuwa wale wale ambao Kiingereza kiliwatenganisha na wengine. Hakuna aliyekipeleka Newala kwanza. Kompyuta za madukani zikaendelea kuuzwa na Kiingereza ndani, na ofisi za umma zikaendelea kuzinunua.

Kiswahili kiliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia kifaa ambacho wabunifu wa California wasingekitazama mara mbili. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikiwa na vitufe visivyopitisha vumbi na tochi kichwani. Tochi hiyo na za simu zilizoifuata ndizo zilizotupa neno kitochi. Kenya ilianza M-Pesa Machi 2007, na Vodacom wakaileta Tanzania mwaka 2008. Kenya iliiweka menyu ndani ya laini ya simu. Hapa tukapata menyu ya nyota na reli, inayotumwa na mtandao kila unapoipiga. Haina picha wala rangi. Ukurasa wake mmoja hauzidi herufi 182. Ukichelewa kujibu, inakatika. Kwa kila kigezo cha ubunifu kinachofundishwa vyuoni, ni umaskini mtupu.

Hata hivyo mzee yule aliyeshindwa na ujumbe wa benki hutuma pesa kwa menyu hiyo bila msaada wa mtu. Ameikariri kama namba za mizani. Inasema naye kwa Kiswahili cha kawaida, humwonyesha jina la anayemtumia kabla ya kumwomba namba ya siri, na baadaye humwachia ujumbe wenye kiasi, ada na salio. Ujumbe huo ni fundo la kamba: unabaki kwake. Mjomba haufuti.

Na ushahidi unaobaki kwa mtu huwa na matokeo ya kisiasa. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, haikufichwa ndani ya ada. Ujumbe ulitenganisha: ada ya kampuni kiasi hiki, tozo ya serikali kiasi hiki. Kwa mara ya kwanza, watu ambao hawajawahi kushika hati ya mshahara waliona kodi yao ikiandikwa kwa jina lake, kwa Kiswahili, dakika ile ile ilipokatwa. Mjadala uliofuata ulijaa mabasi, misiba na vijiwe vya kahawa, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena mwaka uliofuata. Sababu za punguzo zilikuwa nyingi, na sisemi mstari mmoja wa ujumbe ndio uliolileta. Lakini jaribu kufikiri kama makato yote yangeunganishwa kuwa namba moja, kwa ajili ya usafi wa kioo.

Korosho imepita njia tofauti. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kwa korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, ulikuja kumkinga mkulima dhidi ya kangomba, yaani mlanguzi anayenunua mapema kijijini kwa kipimo na bei yake mwenyewe. Nia ilikuwa njema, na kwa sehemu kubwa bei imepatikana kwa ushindani. Lakini angalia ni mikono mingapi imeingia kati ya mizani na mfuko: chama cha msingi, ghala kuu, chama kikuu (MAMCU kwa upande wa Masasi, TANECU kwa Newala na Tandahimba), mnada, benki. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ukaongezeka uhakiki wa mkulima mmoja mmoja, na wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Kila hatua imepewa kioo chake: mnunuzi ana chake, msimamizi wa ghala chake, benki chake. Mkulima amebaki na ujumbe wa mistari miwili. Amerudishiwa kipande, tena sasa hata visanduku havioni.

Mwanafunzi mmoja, anayejifunza uandishi wa programu, alinijibu semina ilipokwisha kwamba nalilia jambo linalopita. Baada ya miaka kumi, alisema, kila mkulima atakuwa na simu janja na menyu za nyota na reli zitakuwa makumbusho. Inawezekana. Hata sasa, katika ukoo wetu, wajukuu hushika simu zao na wazee hurekodi sauti kwa Kimakonde, zikaenda hadi Dar es Salaam na Pemba ya Msumbiji bila mtu kuandika herufi. Kitufe cha kipaza sauti kimewafaa wazee kuliko vyote vilivyobuniwa kabla yake, na kama ningeulizwa mwelekeo wa ubunifu unaofaa uwanda ule, ningetaja sauti kabla ya kioo. Lakini simu janja haitamrudishia mjomba kilo 112. Programu nzuri isiyoonyesha kilo itamficha vilevile, kwa rangi zaidi.

Ndiyo maana kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ambao baadhi yao huandika masharti ya zabuni za mifumo hii, ombi langu halihusu vitufe. Kabla ya kumlipa mkandarasi, mpelekeni Newala na kitochi. Mkulima aone kilo, bei, na kila kato kwa jina lake, kwa Kiswahili, jioni ile ile aliyopima. Mpangilio wa menyu usiguswe katikati ya msimu. Pawepo na namba ya kujibu "sikubaliani" na kupewa kumbukumbu ya malalamiko inayobaki kwenye simu yake. Hayo yote yanaingia katika herufi 182. Mkandarasi atasema ni teknolojia ya zamani. Mwambieni alfabeti nayo ni ya zamani.

Kilo zile zilipatikana mwezi wa tatu. Mzigo wa siku moja ulikuwa umeingizwa kwenye namba ya mkulima mwingine mwenye majina mawili kama ya mjomba, wa kijiji cha pili, ambaye mwenyewe alikuwa akishangaa kwa nini amelipwa zaidi na alikuwa ameanza kuogopa. Mfumo haukuwa na alama yoyote ya kosa hilo. Kilichoamua ni daftari, kwa sababu pembeni ya kila tarehe mjomba alimwomba karani atie sahihi, na karani, kwa kumheshimu mzee, alikuwa akitia.

Msimu huu yupo karani mpya. Amekataa kutia sahihi kwenye daftari, akisema mfumo unatosha na kwamba ameagizwa hivyo. Mjomba amenipigia kuuliza amjibu nini, na hadi ninapoandika haya sijampa jibu.